Mtoto Asome Kwanza, Ndipo Atazame

Imekuwa ada katika nyumba nyingi za mijini kwamba riwaya inapotangazwa kuwa itaonyeshwa katika televisheni, kitabu chenyewe huwekwa kando kama kitu kilichokwisha kazi yake, kwa kuwa watu hudhani kisa ni kimoja, na aliye na macho ya kutazama hana haja ya kujitaabisha kwa mamia ya kurasa. Rai hiyo ina wafuasi wengi, na baadhi yao ni wazazi wenye busara katika mambo mengine. Lakini mimi naiona kuwa ina hasara kubwa kwa watoto, na hasara hiyo huzidi pale ambapo riwaya imejengwa juu ya ngano za kale, kwa sababu riwaya ya namna hiyo huishi kwa ile nafasi iliyopo baina ya anachokijua msomaji na ambacho shujaa bado hajakijua, na nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea hadithi inapohamishwa kutoka karatasini.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Riwaya iitwayo The Lightning Thief, yaani Mwizi wa Radi, iliyotungwa na Mmarekani Rick Riordan, ilichapishwa mwaka 2005, ikafuatwa na nyingine nne za mfululizo huohuo hadi mwaka 2009. Riordan, mzaliwa wa San Antonio katika jimbo la Texas, alikuwa mwalimu wa Kiingereza na historia kwa miaka mingi kabla ya kuishi kwa kalamu yake, na riwaya hii haikuanza kwa kalamu, bali kwa mdomo, usiku, kando ya kitanda cha mwanawe. Mtoto huyo alikuwa amebainika kuwa na ugumu wa kusoma na ugumu wa kutulia, naye hakupendezwa na mengi ya shuleni isipokuwa ngano za Wayunani. Baba akamsimulia zile alizozijua moja baada ya nyingine, hata akiba ikamwishia, na mtoto alipodai nyingine, baba akabuni kijana wa miaka 12, Percy Jackson, mwenye matatizo yaleyale ya mwanawe. Percy huona herufi zikimwogelea machoni, kumbe akili yake imeumbwa kwa ajili ya Kiyunani cha kale. Hawezi kutulia kitini, kumbe viungo vyake vimeumbwa kwa ajili ya vita. Maana yeye ni mwana wa Poseidon, mungu wa bahari wa Wayunani, aliyezaliwa na mama mwanadamu katika mji wa New York, na miungu ya kale haikufa, imehamia Marekani, na kasri yao iko juu ya jengo la Empire State, katika ghorofa ya 600 ambayo wapita njia hawaioni.

Sinema mbili zilizotolewa mwaka 2010 na 2013 hazina haja ya kutuchelewesha. Ziliwageuza Percy na wenzake kuwa vijana wakubwa, na mtunzi aliandika barua kuwapinga watengenezaji kabla ya sinema ya kwanza kuonyeshwa, barua ambazo baadaye alizitoa hadharani. Tamthilia ya televisheni ya Disney+ iliyoanza Desemba 2023 ni jambo jingine. Hiyo ilitengenezwa kwa taadhima, kwa vipindi 8, na mtunzi mwenyewe akiwa mmoja wa waliouasisi mradi huo. Kwa hiyo ninapoipima mbele ya kitabu, naipima kazi njema, wala sina nia ya kuivunjia heshima.

Sasa na tukitazame kitabu. Mwanzo wake Percy yuko pamoja na wanafunzi wenzake katika jumba la makumbusho la Metropolitan, na mwalimu wake wa hesabu, mwanamke mkali ambaye hakumpenda tangu siku ya kwanza, anageuka mbele ya macho yake kuwa dubwana lenye mabawa na kucha. Mwalimu wa Kilatini, mzee aketiye katika kiti cha magurudumu, anamrushia kalamu, na kalamu ile mkononi mwake inakuwa upanga. Dubwana linatoweka, na Percy akirudi kwa wenzake akauliza habari za mwalimu yule, kila mtu anamwambia kwamba hapakuwahi kuwa na mwalimu wa jina hilo. Kwa muda mrefu baada ya hapo kijana huishi akiishuku akili yake mwenyewe, na kwa kuwa ndiye anayetusimulia, sisi pia hatuna macho mengine ila yake. Kisha, akiwa safarini, gari limeharibika njiani, anawaona vikongwe watatu kwenye kibanda cha matunda wakifuma soksi kubwa mno zisizoweza kuvaliwa na mtu, na mmoja wao anachukua mkasi na kuukata uzi. Rafiki yake anatetemeka na kumuuliza kama kweli ameona uzi ukikatwa. Percy haelewi kitu. Lakini mtoto aliyepata kusikia, kwa mwalimu au kwa mzazi, kwamba Wayunani walisimulia habari za vikongwe watatu wanaosokota, wanaopima na wanaokata uzi wa uhai wa wanadamu, husisimka mwili, kwa sababu amepewa siri ambayo shujaa mwenyewe hana.

Ufundi huu unafikia kilele chake katika sura ya Medusa, na sura hiyo naiona kuwa miongoni mwa zilizotungwa kwa ustadi mkubwa kabisa katika vitabu vya watoto vya karne hii. Percy, Annabeth binti wa Athena, na Grover aliye nusu mtu nusu mbuzi, wamepotea katika msitu wa New Jersey, usiku, wamelowa, hawana fedha, na njaa inawauma. Wanaona taa. Wanasikia harufu ya nyama ikikaangwa. Kibao cha duka hakisomeki kwa Percy wala kwa Annabeth, na Grover ndiye anayewasomea kuwa ni duka la masanamu ya bustanini la mtu aitwaye Aunty Em. Mlangoni wanapokewa na mwanamke mrefu aliyejifunika kwa vazi jeusi tangu utosini hata miguuni, na uso wake uko nyuma ya shela. Anawalisha bila ya kudai malipo. Anawasikitikia kwa kuwa wamemwambia hawana wazazi. Masanamu yake ni ya watu na wanyama, yamechongwa kwa ukamilifu wa ajabu, ila nyuso zao zote zimejaa hofu, naye mama mwenyeji hulalamika kwa upole kwamba uso ndio mgumu kuupatia. Grover anagutuka akisema kwamba sanamu moja inafanana na ami yake. Percy anaona usingizi. Kisha mama anaomba jambo dogo sana: wakae kwenye benchi, wamtazame, awapige picha.

Mtoto anayesoma kurasa hizo, ikiwa anaijua habari ya mwanamke ambaye nywele zake ni nyoka na amtazamaye huwa jiwe, amekwisha kumtambua tangu zamani. Ameyaona masanamu, ameliona shela, ameitafakari herufi ile iliyosimama mahali pa jina, na sasa anataka kupiga kelele awaonye watoto watatu ambao hawawezi kumsikia. Na ikiwa haijui habari hiyo, anahisi tu kwamba kuna jambo haliko sawa, na akishajua atarudi nyuma kurasa kadhaa ahesabu dalili zilizompita. Kwa njia zote mbili amefanya kazi ya akili ambayo hakuna aliyemwamuru aifanye, na hiyo ndiyo kazi iliyozifanya ngano zidumu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa.

Sisi watu wa pwani si wageni wa ufundi huu. Anayekijua kisa cha Fumo Liyongo anakumbuka kwamba shujaa yule alipokuwa amefungwa gerezani kwa amri ya mtawala wa Pate, alimpelekea mamake ujumbe katika maneno ya wimbo, ambayo walinzi waliyasikia kwa masikio yao wasiyaelewe, na mama akamwokea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi walijitwalia chakula kizuri wakamwachia mfungwa ule mkate duni, na usiku wa gungu, katika vishindo vya ngoma na mayowe ya wachezaji, alizikata pingu zake huku waliomlinda wakishangilia. Raha ya kisa hicho imo katika ujinga wa walinzi na ujuzi wa msikilizaji. Lau msimulizi angemfanya mlinzi mmoja aupasue mkate ule mlangoni na kuitambua tupa, kisa kingekwisha palepale.

Tamthilia ya televisheni imefanya jambo linalokaribiana na hilo. Katika kipindi chake cha kwanza, mamake Percy, bibi Sally, anaonekana akimchukua mwanawe angali mdogo mbele ya sanamu ya Perseus, akimfundisha ngano za Wayunani, na kijana anakua akiwa na hazina hiyo kichwani. Ni picha nzuri, na mama mwenyewe amepata humo adhama inayomstahili. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wale wanapofika kwa Medusa wanajua papo hapo ni nani anayewakaribisha, na wanaingia ndani kwa sababu nje kuna adui mwingine anayewangoja. Vivyo hivyo katika mji wa Las Vegas. Kitabuni watatu hao huingia katika hoteli iitwayo Lotus wakidhani wamepata pahali pa kupumzika, wakacheza na kula na kusahau, mpaka Percy akapata kuzungumza na kijana ambaye mavazi na maneno yake ni ya zamani, akamuuliza mwaka, na kijana akajibu kwa yakini kwamba ni 1977. Hapo ndipo baridi humpita Percy mgongoni, na wakitoka nje wanakuta saa chache zao zimekuwa siku 5 nzima. Runingani huingia wakiwa wamekwisha kukumbushana kisa cha Odysseus na wale wala maua ya kusahaulisha, nao wamejihadhari na chakula, ijapokuwa mtego unawanasa kwa njia nyingine.

Natambua kwamba watengenezaji hawakufanya hivyo kwa ajizi. Kamera haina njia rahisi ya kukaa ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka 12 na kuona tu anachokiona yeye. Humtazama kwa nje, pamoja na masanamu na shela, na mtazamaji aliyekwisha kumjua Medusa tangu utotoni angewaona mashujaa kuwa wapumbavu kwa kutomtambua. Vipindi 8 vifupi navyo havina nafasi ya kungoja. Lakini udhuru unaoelezeka hauiondoi hasara. Mtoto anayeanza na runinga hupewa jina la Medusa kabla ya kuliwaza, na baada ya hapo akisoma kitabu anajua tayari kinachomsubiri kila mlangoni, ilhali anayeanza na kitabu hapotezi chochote katika runinga. Huingia mbele ya kioo akiwa na yake, na huweza kupima.

Na kuna ya kupima. Medusa wa kitabuni ni adui zaidi kuliko mwenye kudhulumiwa. Hutaja kwa ufupi yaliyompata kwa Athena na kuyapita. Wa runingani, aliyechezwa na Jessica Parker Kennedy, ameketishwa mezani akapewa kauli, na humwambia binti wa Athena mbele ya uso wake ni nani aliyemfanya kuwa hivi alivyo na kwa kosa gani. Wayunani na Warumi wenyewe hawakuafikiana juu ya kisa hiki: Hesiod alisimulia kwamba Poseidon alilala naye katika majani mororo na maua ya machipuko, na Ovid, karne nyingi baadaye, akasema kwamba aliingiliwa kwa nguvu ndani ya hekalu na kisha akaadhibiwa yeye. Riordan aliandika kauli moja, na tamthilia, miaka 18 baadaye, ikatoa nyingine iliyo karibu zaidi na Ovid. Mtoto aliyesoma kwanza hutambua kwamba hapa pamebadilishwa kitu, na huuliza kwa nini. Aliyetazama tu hudhani Medusa alikuwa hivyo siku zote.

Nalazimika pia kusema neno juu ya watu wanaokigeuza kitabu kuwa rungu. Mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba Annabeth, ambaye kitabuni ana nywele za rangi ya dhahabu na macho ya kijivu, atachezwa na Leah Sava Jeffries, binti mweusi ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, alimiminiwa matusi na watu wazima waliojiita wapenzi wa riwaya, na Riordan akaandika waraka mkali akiwakemea na kusema bayana kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Nilifurahi kwa waraka ule. Kuanza na kitabu hakumpi mtu mamlaka ya kumdhalilisha mtoto wa watu, na wala sidhani kwamba waliofanya hivyo walisoma kwa makini, maana riwaya nzima inahusu watoto ambao ulimwengu umewahukumu kwa kuwatazama tu: huyu mtukutu, huyu mjinga, huyu wa kufukuzwa shule. Ujasiri na akili ya Annabeth ndiyo iliyoandikwa kwa wino mzito katika kila sura anayotokea, na binti yule aliicheza vizuri.

Wako wazazi, Waislamu na Wakristo, wanaosita kwa sababu nyingine: hawapendi mtoto asome habari za miungu mingi. Sidharau kusita huko, kwa kuwa mzazi ndiye mwenye kujibu juu ya malezi ya mwanawe. Nawaomba tu wakisome kitabu wenyewe, wafike pale ambapo Percy, aliyeshtuka kuambiwa kuwa miungu ipo, anauliza juu ya Mungu, na Chiron, mwalimu wake aliye nusu farasi, anamjibu kwamba hilo ni jambo jingine kabisa, hawataliingilia, wao wanazungumza juu ya viumbe wadogo zaidi. Mtunzi aliliona tatizo akaliwekea mpaka. Fauka ya hayo, miungu yake ni baba na mama wenye makosa, wanaosahau watoto wao kwa miaka na kugombana kwa kiburi, na hakuna mtoto ninayeweza kumdhania kuwa atatamani kuwaabudu. Wazee wetu walisoma Alfu Lela Ulela yenye majini wa kila namna, na katika shule za zamani walisoma Mashujaa, fasiri ya ngano za Kiyunani alizozisimulia Mwingereza Charles Kingsley, ambamo Perseus na kichwa cha Medusa wamo kwa Kiswahili safi. Na imani zao hazikutikisika.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo inayonigusa, ni ya mtoto asiyeweza kusoma vizuri. Husemwa kwamba mtoto wa namna hiyo apewe picha, asiteswe kwa kitabu. Wasemao hivyo wanamtakia mema. Lakini kitabu hiki kilizaliwa kwa ajili ya mtoto wa namna hiyohiyo, aliyekuwa akijificha asiambiwe asome, na baba yake hakumwondolea hadithi. Alimsimulia kwa sauti yake. Basi mzazi na asome yeye, kwa sauti, na ikiwa Kiingereza cha kitabu ni kizito kwa mtoto, asome moyoni kisha amweleze kwa Kiswahili, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya na visa walivyovipokea kwa lugha nyingine. Kitabu kina sura 22. Kwa sura moja kila jioni, kitamalizika ndani ya mwezi. Ukifika katika duka la masanamu, simama pale mama mwenyeji anaponyanyua mikono aliondoe shela lake, ufunge kitabu kwa muda, umuulize mtoto: huyu mama ni nani? Nimewaona watoto wanaohesabiwa kuwa wazito darasani wakijibu swali hilo kwa ushahidi uliopangwa vizuri, sanamu baada ya sanamu.

Msimu wa pili wa tamthilia ulitoka Desemba 2025, ukifuata kitabu cha pili, chenye jitu la jicho moja ambalo msomaji wa Sindbad atalitambua kuwa jamaa wa karibu wa lile la safari yake ya tatu. Msimu wa tatu umekwisha kuidhinishwa, nao utafuata kitabu cha tatu, The Titan's Curse. Humo mna adui mmoja ambaye kwa sehemu kubwa ya riwaya hatajwi ila kwa cheo chake tu, Jemadari, na dalili za kumtambua zimetawanywa kwa uangalifu: ndoto ya msichana aliyeinama chini ya uzito unaotaka kumponda, mlima wenye ukungu upande wa San Francisco, bustani yenye mti wa matofaa ya dhahabu. Jina lake silitaji hapa, kwa maana mtoto atakayekianza kitabu hicho juma hili ana haki ya kulitambua yeye mwenyewe, kabla Percy hajalijua.